Mfalme Friedrich na Mbwa Wake

Soma kifungu kifuatacho, kisha ubainishe vitenzi vilivyo katika kauli ya kutendwa.

Friedrich wa Pili, mfalme wa Prussia, alizaliwa Berlin mwaka 1712. Alilelewa na baba mkali mno. Mwaka 1730 alijaribu kutoroka, akakamatwa. Rafiki yake Katte, aliyeijua siri hiyo, akakatwa kichwa.

Friedrich alirithi ufalme mwaka 1740. Ingawa aliogopwa vitani, wandani wake wa karibu walikuwa mbwa wadogo wembamba wa jamii ya mbwa wa mbio, nao waliruhusiwa kulala kitandani mwake. Katika mapigano ya Soor, mwaka 1745, mbwa wake Biche alitekwa na Waaustria pamoja na mizigo ya kambi. Aliporudishwa, mfalme alifurahi kupita kiasi.

Kila mbwa mpendwa alipokufa, alizikwa juu ya matuta ya bustani ya kasri la Sanssouci, Potsdam, na kaburi lake likafunikwa kwa bamba la jiwe. Kisha mwingine alichukua nafasi yake miguuni pa mfalme.

Friedrich aliusia azikwe papo hapo, usiku, bila fahari. Lakini alipofariki tarehe 17 Agosti 1786, wosia wake ulipuuzwa na mrithi wake. Alizikwa kanisani, kando ya baba yule yule aliyemtesa. Wosia huo ulitimizwa tarehe 17 Agosti 1991, baada ya miaka 205: mfalme alilazwa karibu na mbwa wake.