SEMEI KAKUNGULU: JEMADARI ALIYESHIKA TORATI

Askari na polisi wanaolinda mpaka wa Busia na Malaba, pamoja na wenzao walioko Tororo, wamesimama katika nchi ambayo zamani iliitwa Bukedi. Leo zimo humo wilaya za Tororo, Busia, Budaka, Pallisa na nyinginezo. Ni vigumu kuisimulia historia ya nchi hiyo bila kumtaja Semei Kakungulu. Wengi humkumbuka kwa vita vyake. Sisi leo tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu swali la dini lililomsumbua katika utu uzima wake: je, mwanadamu huokoka kwa kuitimiza sheria ya Mungu, au kwa neema yake?

Kakungulu alizaliwa karibu mwaka 1869. Alipata sifa kwanza kwa kuwinda tembo, kisha kwa kupigana upande wa Waprotestanti katika vita vya dini vilivyoitikisa Buganda tangu 1888. Tarehe 9 Aprili 1899 alikuwa miongoni mwa majemadari wa kikosi kilichowakamata Kabaka Mwanga na Mukama Kabalega katika nchi ya Lango. Baada ya hapo aliingia Bukedi na wafuasi wake, akajenga ngome, akafungua barabara na kuwaweka Waganda kuwa watawala wa vijiji. Hatusahau kwamba wenyeji wengi waliuona utawala huo kuwa mzigo mzito.

Yeye alitumaini kuwa Waingereza wangemtambua kuwa mfalme wa nchi aliyoiteka. Badala yake, mwaka 1902 walimwondoa katika ngome ya Budaka, wakamwachia ardhi ya maili 20 za mraba huko Mbale. Mwaka 1906 walimpeleka Busoga kuongoza baraza la machifu, naye akarudi Mbale mwaka 1913 akiwa amevunjika moyo. Hapana shaka uchungu huo ulichangia kumtenga na Kanisa la wakubwa wake, ingawa si haki kudhani kuwa imani yake yote ilikuwa hasira tu.

Wakati huo huo lilitokea kundi la Wamalaki. Makanisa ya wamisionari yalimtaka mtu ajifunze kwa muda mrefu kabla ya kubatizwa, na yalimkataa mume wa wake wengi. Wamalaki walibatiza upesi bila masharti hayo, na makumi ya maelfu wakawafuata. Lakini wao nao walikuwa na katazo lao kali: walikataa dawa za hospitali, wakisema kuwa Maandiko yameamuru kumtegemea Mungu peke yake. Kakungulu alijiunga nao.

Alipozidi kuisoma Biblia aliona kuwa tohara imeamriwa waziwazi, wala hakuona aliyeifuta amri hiyo. Mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe. Wamalaki walimpinga wakisema hayo ni mambo ya Wayahudi. Yeye hakurudi nyuma. Aliachana nao, akaanzisha jumuiya ya Abayudaya karibu na Mbale. Mwaka 1922 alitoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Baadaye, kwa mafunzo ya mgeni Myahudi, aliuacha pia ubatizo.

Swali lake halikuwa geni. Karibu mwaka 49 mitume walikutana Yerusalemu kuamua iwapo watu wa mataifa walioamini watahiriwe, wakakubaliana kutowatwika mzigo huo. Paulo aliwaandikia Wagalatia juu ya jambo hilo hilo. Kwa mafundisho ya Kikristo, sheria humwonyesha mtu kosa lake lakini haimwondolei deni; deni limelipwa na Kristo, na utii unaofuata ni shukrani, si malipo. Kakungulu alijibu kinyume: amri iliyoandikwa na Mwenye Enzi hutekelezwa mpaka yeye mwenyewe aifute.

Tusiwadhulumu Wayahudi kwa kudhani kuwa hawaijui neema. Kwao Torati yenyewe ni zawadi: Mungu aliwakomboa Misri kwanza, ndipo akawapa amri Sinai.

Kakungulu alifariki tarehe 24 Novemba 1928. Jumuiya yake ilipungua, na katika miaka ya 1970 utawala wa Idi Amin ukaipiga marufuku ibada yao. Hata hivyo mamia kadhaa waliishika Sabato kwa siri mpaka utawala huo ulipoanguka mwaka 1979, na jumuiya hiyo ingali hai katika vilima vya Mbale. Hapo twaona nguvu ya sheria: huwashikamanisha watu pale ambapo hisia peke yake zingewatawanya.

Kwa askari na polisi, maisha haya yana funzo. Jeshi lisilo na amri ni kundi la watu tu, na hilo Kakungulu alilijua vyema. Lakini askari anayetii kwa kuogopa adhabu tu huiacha amri pindi mkubwa wake akigeuza kisogo. Anayetii kwa sababu amekwisha kupokea heshima na kuaminiwa huishika hata akiwa peke yake usiku mpakani. Wakristo wanaposema kuwa neema hutangulia na sheria hufuata, wanazungumza juu ya utii wa namna hii ya pili.