Grace Ogot: Nesi aliyeshika maiki ya BBC, kisha akawaandikia wanawake wa kando ya ziwa

Leo naomba tumzungumzie mama mmoja wa Kenya. Huku kwetu Chiwanda wengi hawamjui kabisa, lakini alivyoandika habari za watu wa ziwani utadhani alizaliwa hapa hapa mwambao wa Nyasa. Ni marehemu Grace Ogot, aliyefariki tarehe 18 Machi 2015 akiwa na miaka 84.

Najua kuna mdau atauliza, sasa Mjaluo wa Kenya anatuhusu nini sisi? Anatuhusu sana. Riwaya yake ya kwanza inasimulia watu wanaoacha kwao na kuvuka kuja Tanganyika kutafuta maisha. Na ni mmoja wa wanawake wa kwanza kabisa wa Afrika Mashariki kutoa riwaya kwa Kiingereza. Ila mimi kinachonivutia zaidi ni njia aliyopita. Hakuanza na kalamu. Alianza na wodi ya wazazi, akaja redio, ndipo akawa mwandishi wa hadithi zinazowaweka akina mama mbele. Tuanze mwanzo.

Alizaliwa tarehe 15 Mei 1930 akiitwa Grace Emily Akinyi, kwa watu wa Asembo, kando ya ziwa Victoria upande wa Nyanza. Baba yake, Joseph Nyanduga, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo pale kwao kupata elimu ya kizungu. Akawa Mkristo wa Anglikana na mwalimu katika shule ya wasichana ya Ng'iya. Wazee wa mwambao wetu waliosomeshwa na wamisheni wa UMCA watalielewa vizuri jambo hili. Asubuhi mtoto anaimba nyimbo za kanisani, usiku bibi anamsimulia mambo ya mizimu na mazimwi. Kwa Grace ilikuwa hivyo hivyo. Hadithi za bibi yake hazikumtoka kichwani maisha yake yote.

Alisoma Ng'iya, akaendelea Butere, na mwaka 1949 akaenda Uganda kusomea unesi katika hospitali ya Mengo mpaka 1953. Baadaye akaenda Uingereza kuongeza ujuzi kwenye hospitali ya akina mama na watoto jijini London. Yaani kazi yake ya kwanza ilikuwa kukaa na wanawake katika saa zao ngumu kuliko zote. Nesi wa wazazi anasikia mengi. Anajua nani kapigwa, nani anaogopa kurudi nyumbani bila mtoto wa kiume, nani mimba yake haina baba wa kutajwa. Hata manesi wetu wa pale St. Anne's Liuli wakiamua kuandika, nadhani vitabu vitajaa kabati!

Huko huko London, katikati ya miaka ya 1950, akaingia BBC. Aliandika maneno ya vipindi na kutangaza katika matangazo yaliyoelekezwa Afrika Mashariki na Kati. Aliporudi nyumbani aliendelea na redio kwa Kijaluo, na baadaye akawa na safu yake katika gazeti la East African Standard. Katikati ya hayo alifundisha wakunga Maseno, akafanya kazi ya maendeleo ya jamii Kisumu, na akawa ofisa uhusiano wa shirika la ndege la Air India jijini Nairobi. Siyo mchezo!

Sasa redio inafundisha kitu kimoja ambacho shule haifundishi. Msikilizaji hana muda wa kurudi nyuma kusoma tena sentensi. Ukizungusha maneno amekwenda zake jikoni. Ukisoma hadithi za Grace unaiona ile redio ndani yake. Sentensi fupi, mambo yanakwenda, watu wanaongea, hakuna kujionyesha kwamba mimi najua Kiingereza kigumu. Kuna wasomi waliomlaumu kwa hilo, wakasema anaandika kirahisi mno. Mimi nasema hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake, maana aliwalenga watu wa kawaida, hasa akina mama.

Mwaka 1959 aliolewa na mwanahistoria Bethwell Ogot, na huyu bwana alimtia moyo aandike. Waume wa huku mmesikia? Kisha Juni 1962 ukaja mkutano mkubwa wa waandishi wa Afrika pale Makerere, Kampala. Walikuwepo akina Chinua Achebe na Wole Soyinka kutoka Nigeria, na Ngugi wa Thiong'o akiwa bado mwanafunzi. Grace alisoma hadithi yake mbele ya watu hao. Kilichomchoma moyo ni kuona kwamba Afrika Magharibi wamekuja na vitabu, ila meza ya Afrika Mashariki haina kitu.

Hapo ndipo penye mtihani wenyewe. Kwa maelezo yake, alipeleka hadithi zake kwa meneja wa shirika la vitabu la serikali ya kikoloni, East African Literature Bureau, naye akazikataa. Sababu? Bwana yule hakuelewa inakuwaje mwanamke Mkristo, mwenye elimu yake, anaandika habari za kafara na dawa za kienyeji badala ya kuandika habari za wokovu. Hebu fikiria. Mtu ana hadithi za bibi yake na za wagonjwa wake kichwani, halafu anaambiwa hizo hazimfai mwanamke safi. Wengi wangeandika kile anachotaka meneja, au wangeacha kabisa na kurudi wodini. Yeye alingoja. Wafadhili wa kikoloni walipoondoka na wachapishaji wapya wakaja, East African Publishing House ikamtolea vitabu vyake.

Ile hadithi aliyoisoma Makerere ndiyo baadaye ikajulikana kama The Rain Came, yaani mvua imekuja. Ukame umekaba, mtabiri anasema binti wa chifu, Oganda, lazima atolewe kwa zimwi la ziwani ndipo mvua inyeshe. Kijiji kizima kinafurahi, wanamwimbia na kumpa chakula kizuri, maana mvua itakuja. Baba analia ndani kwa ndani. Binti anatembea peke yake kwenda ziwani. Mwishoni mpenzi wake, Osinda, anamwokoa na kutoroka naye, na mvua inanyesha vile vile. Soma hapo taratibu. Mvua ilikuja na msichana hakufa. Bila kuhubiri, Grace anatuachia swali: kwani ilikuwa lazima binti ndiye alipe?

Mwaka 1966 ikatoka The Promised Land, nchi ya ahadi. Mwaka huo huo kule Nigeria Flora Nwapa naye alitoa riwaya yake Efuru, kwa hiyo mabinti wawili wa Afrika wakafungua mlango kwa pamoja. Katika kitabu cha Grace, Ochola na mke wake Nyapol ni maharusi wapya. Mume anasikia kwamba Tanganyika ardhi ni kubwa na yenye rutuba, anataka kuhama. Mke hataki. Anawaza wazee, makaburi, ndugu. Lakini mume kaamua, na mke mwema anamfuata mumewe. Wanafika, wanapata mali kweli kweli, mpaka jirani mwenye wivu anamroga Ochola, ngozi yake inaota vitu kama miiba. Hospitali ya mzungu inashindwa. Anayemponya ni mganga, na sharti ni kuondoka mara moja na kuacha mali yote.

Wapo wanaosema Nyapol ni mwanamke dhaifu, anatii tu. Mimi sioni hivyo. Tangu mwanzo yeye ndiye aliyeona hatari, na yeye ndiye aliyemuuguza mume pale alipokuwa hatazamiki. Kosa lake lilikuwa moja tu, hakuwa na haki ya kusema hapana. Wangapi huku mwambao wamefuata waume kwenda kuvua ng'ambo, Malawi au Msumbiji, bila kuulizwa? Na mambo yakiharibika anayebeba watoto na masufuria kurudi kwao ni nani?

Mwaka 1968 akatoa mkusanyo wa Land Without Thunder, na humo ndimo nesi anapojitokeza wazi. Hadithi moja inahusu manesi wa Kiafrika katika hospitali ya misheni wanaogoma kubeba vyombo vya choo vya wagonjwa, kwa sababu mila yao inakataza. Mkuu wao mzungu hataki kusikia. Na Grace hapendelei upande, maana kiongozi wa mgomo anakuja kuugua na kuletwa hospitali ile ile aliyoisusia. Hadithi nyingine inaitwa Elizabeth, inahusu karani wa kupiga taipu Nairobi anayehama kazi kukimbia mabosi wenye mikono mirefu. Bosi mpya anaonekana mtu mzima wa heshima, kumbe ndiye anayembaka. Msichana anapata mimba, na mwisho wake ni kifo. Hiyo ni 1968 wadau! Leo mambo ya rushwa ya ngono yanazungumzwa hadharani, ila mama huyu aliyaandika zaidi ya nusu karne iliyopita.

Mwaka 1980 akatoa The Graduate, ambamo mwanamke ni waziri katika serikali ya nchi yake. Kenya halisi ilipata waziri kamili wa kwanza mwanamke mwaka 1995, Nyiva Mwendwa. Yaani hadithi ilitangulia nchi kwa miaka 15. Na Grace mwenyewe mwaka 1983 aliteuliwa na Rais Moi kuwa mbunge, akawa waziri msaidizi wa utamaduni na huduma za jamii, na mwaka 1985 akashinda kiti cha Gem kwa kura za wananchi.

Lakini ukiniuliza mimi, jambo lake kubwa siyo ubunge. Akiwa tayari na jina kwa Kiingereza, aligeuka akaanza kuandika kwa Kijaluo, ili watu wa kwao ambao hawakusoma Kiingereza nao wamsome. Mwaka 1983 ikatoka Miaha, baadaye ikatafsiriwa kwa Kiingereza kama The Strange Bride. Ni ile hadithi ya kale ya biharusi aliyevunja mwiko wa jembe na kuwaletea watu kazi ya jasho. Wazee waliisimulia kama kosa la mwanamke. Grace aliigeuza, biharusi akawa mtu mwenye akili yake, aliyeleta mabadiliko.

Kwa hiyo kina dada mnaosoma hapa, wewe nesi, wewe mtangazaji wa redio, wewe uliyemaliza fomu foo na uko nyumbani unasubiri: mnayoyasikia kisimani, kliniki na ufukweni wakati wa kuanika usipa, hayo ndiyo maandishi. Grace Ogot aliambiwa siyo, akaandika hivyo hivyo. Kwa upande wetu wa Nyasa, nani ataandika?

Haya wadau, uwanja ni wenu. Nyapol alipaswa kumfuata Ochola, au angebaki kwao? Tupeni maoni hapo chini, bila matusi tafadhali.