Dennis Ritchie

Dennis MacAlistair Ritchie (9 Septemba 1941 – Oktoba 2011) alikuwa mwanasayansi wa kompyuta kutoka nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa kubuni lugha ya programu ya C, na kwa kuunda mfumo wa uendeshaji wa Unix pamoja na Ken Thompson.

Maisha

Alizaliwa Bronxville, katika jimbo la New York. Alisoma fizikia na hisabati tumizi katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1967 alijiunga na maabara za Bell Labs, ambako baba yake pia alifanya kazi.

Lugha ya C

Unix ilianza mwaka 1969 kwa lugha ya asembli, iliyofungamana na aina moja ya kompyuta. Ritchie aliiendeleza lugha ya B, iliyobuniwa na Thompson, hadi ikawa C. Mwaka 1973 kiini cha Unix kiliandikwa upya kwa C, na baadaye mfumo huo ukaweza kuhamishiwa kompyuta za aina nyingine. Mwaka 1978 alitoa kitabu kuhusu C pamoja na Brian Kernighan.

Usimamizi wa kumbukumbu

C humwachia mwandishi wa programu jukumu la kusimamia kumbukumbu ya kompyuta. Katika maktaba sanifu ya lugha hiyo, malloc huomba nafasi, realloc hubadilisha ukubwa wake, na free huirudisha. Realloc huweza kuhamishia data mahali pengine; hapo anwani ya zamani haifai tena. Nafasi ikikosekana, hurudisha anwani tupu, na data ya awali hubaki ilipokuwa. Kwa hiyo jibu lake huhifadhiwa kando na kukaguliwa kwanza. Likiandikwa juu ya anwani ya zamani, data hubaki katika kumbukumbu bila njia ya kuifikia. Wanaojaribu programu huifanya realloc ishindwe makusudi ili kuona kama hali hiyo imeshughulikiwa.

Uhuru huo umeipa C wepesi na kasi, lakini makosa ya kumbukumbu yamekuwa chanzo kikubwa cha udhaifu wa kiusalama katika programu.

Tuzo na kifo

Ritchie na Thompson walipewa Tuzo ya Turing mwaka 1983. Alistaafu mwaka 2007. Tarehe 12 Oktoba 2011 alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Ilikuwa wiki moja baada ya kifo cha Steve Jobs, na habari zake hazikuvuma sana, ingawa mifumo ya kompyuta na simu za Apple ina asili yake katika Unix.