Habari za Lord Delamere, Mlowezi wa Njoro

Wasomaji wetu wa Tarime na Serengeti waujua sana Mto Mara, kwa kuwa ndio uzigawanyao nchi zao, Tarime kaskazini na Serengeti kusini. Chimbuko lake li mbali, katika milima ya Mau, nchi ya Kenya. Upande wa pili wa milima hiyo, penye materemko ya mashariki, iko nchi iitwayo Njoro. Huko alikaa mtu ambaye leo twataka kueleza habari zake, kwa kuwa jina lake lilivuma katika Afrika Mashariki yote, na mambo aliyoyaanzisha yaliwagusa watu hata karibu na mpaka wetu. Tena neno la ardhi, nani mwenyewe na nani mgeni, ni neno lisilokwisha katika nchi za wafugaji. Basi yafaa tulitazame katika maisha ya mtu mmoja.

Hugh Cholmondeley alizaliwa Uingereza tarehe 28 Aprili, mwaka wa 1870. Ukoo wake ulikuwa wa watu wakubwa. Mwaka wa 1821 mkuu wa ukoo alipewa cheo cha Lord Delamere, nao walikuwa na jumba lililoitwa Vale Royal katika jimbo la Cheshire, pamoja na mashamba mengi. Baba yake alipofariki mwaka wa 1887, kijana akarithi cheo, jumba na mashamba, na umri wake ulikuwa miaka 17 tu. Akawa Lord Delamere wa tatu. Angaliweza kukaa kwao na kula urithi wake kwa raha siku zote, lakini moyo wake haukutulia nyumbani.

Tangu mwaka wa 1891 alikuwa akienda mara kwa mara nchi ya Wasomali kuwinda simba. Mwaka wa 1894 simba aliyejeruhiwa akamwangusha na kumtafuna mguu. Angalikufa pale pale, kama si Msomali aliyemchukulia bunduki, jina lake Abdullah Ashur, ambaye alimrukia simba na kumshika mpaka bwana wake akapata nafasi ya kujiokoa. Tangu siku ile Delamere akachechemea maisha yake yote. Hivyo, kabla hajapata hata shamba moja katika Afrika, alikuwa amekwisha kuwiwa uhai wake na Mwafrika.

Mwisho wa mwaka wa 1896 alifunga safari ndefu kutoka Berbera pamoja na msafara wa ngamia, akapita majangwa kuelekea kusini. Mwaka wa 1897 akatokea katika nyanda za juu za Kenya. Baada ya mchanga na kiu akaona majani mabichi, maji baridi, na nchi pana isiyo na watu wengi. Akaipenda mara moja. Lakini yampasa msomaji kujua sababu ya uchache ule wa watu. Miaka michache tu kabla ya hapo sotoka ilikuwa imefyeka ng'ombe wa Afrika Mashariki, na nyuma yake zikaja njaa na ndui. Wamaasai walikuwa wamepungua sana, na waliosalia walikuwa wakihama na mifugo yao kwa majira. Nchi haikukosa wenyewe. Wenyewe walikuwa wamepigwa na msiba.

Mwaka wa 1899 Delamere alimwoa Lady Florence Cole, binti wa mkuu mmoja wa Ireland, na mwaka uliofuata wakapata mtoto wa kiume, Thomas, ambaye ndiye pekee waliyemzaa. Wakati huo serikali ya Kiingereza ilikuwa ikijenga reli kutoka Mombasa, nayo ikafika ziwani mwisho wa mwaka wa 1901. Gharama yake ilikuwa zaidi ya pauni milioni 5. Kamishna wa siku hizo, Sir Charles Eliot, alitaka walowezi wa Kizungu waje kulima, ili reli ipate mizigo na fedha irudi. Basi mwaka wa 1903 Delamere akapewa Njoro, ekari 100,000, kwa kodi ya miaka 99. Kodi yenyewe ilikuwa pauni 200 kwa mwaka, tena alitakiwa kutumia pauni 5,000 kuiendeleza nchi katika miaka mitano ya kwanza.

Bwana na bibi wakakaa katika vibanda vya nyasi, wao waliozoea majumba ya mawe. Akaleta kondoo wa sufu kutoka ng'ambo, nao wakafa kwa wingi, kwa sababu majani ya Njoro, ingawa yalipendeza macho, yalipungukiwa na madini yauweshayo mwili wa mnyama nguvu. Akaleta ng'ombe wa Kizungu, nao wakapatwa na homa ya mapafu na ndigana. Akaiacha mifugo na kupanda ngano, na ngano ikaota vizuri sana; lakini karibu na mavuno kutu ikaingia, na mashina yakaanguka. Kila hasara aliilipa kwa kuweka rehani mali ya Uingereza, hata urithi wa baba zake ukamezwa na udongo wa Njoro.

Walakini hakukata tamaa, na hapa twaona lililo jema katika tabia yake. Alimwajiri mtaalamu wa mbegu, akajenga nyumba ya uchunguzi huko Njoro, wakachanganya ngano za nchi mbalimbali mpaka wakapata aina zilizoweza kuvumilia kutu. Mwaka wa 1908 akaanzisha kampuni ya kusaga nafaka, iliyoitwa Unga. Kazi ile ya mbegu haikufa pamoja naye. Kutu mpya na kali ilipotokea Uganda mwishoni mwa karne ya 20, ngano za nchi nyingi za dunia zilipelekwa Njoro kupimwa kama zaweza kuishinda.

Mwaka wa 1906 alipata nchi nyingine karibu na ziwa Elmenteita, akaiita Soysambu, akahamishia mifugo huko. Hapo kondoo na ng'ombe walisitawi. Wachungaji wake walikuwa Wamaasai. Alijifunza lugha yao, na wazee wao walikuwa wakija kuketi naye usiku na kuzungumza habari za mifugo. Aliwapenda kwa kweli. Lakini upendo huo haukuzuia yaliyowapata.

Mwaka wa 1904 serikali ilifanya mapatano na Lenana, kiongozi wao, ili Wamaasai watoke katika bonde la Naivasha na Nakuru, wengine waende Laikipia na wengine kusini. Waliahidiwa kwamba nchi hizo zitakuwa zao muda wote kabila lao litakapodumu. Ahadi hiyo haikudumu miaka kumi. Mwaka wa 1911 Lenana akafa, na mara wakaambiwa watoke Laikipia pia. Watu na mifugo wakasukumwa kwenda kusini, na wengi wakafa njiani kwa baridi na maradhi. Wakaenda mahakamani wakishitaki, na mwaka wa 1913 wakashindwa; hukumu ikasema kwamba mapatano yale yalikuwa kama mkataba wa dola mbili, wala si neno la mahakama ya nchi. Nchi waliyopewa ilifika hata mpaka wa koloni la Wajerumani, ng'ambo ya Serengeti. Hivyo ndivyo wengi walivyosogezwa karibu na jirani zetu Wakuria.

Katika ukoo wa mkewe pia mambo yalionyesha jinsi uhai ulivyothaminiwa siku zile. Ndugu wawili wa Lady Florence, Galbraith na Berkeley Cole, walimfuata dada yao wakawa walowezi. Mwaka wa 1911 Galbraith alimpiga risasi akamwua mtu aliyeshukiwa wizi wa kondoo. Baraza la Wazungu wenziwe likamwachilia, lakini serikali ikaona aibu ikamfukuza katika nchi. Mwaka wa 1914 Lady Florence mwenyewe akafariki, umri wake miaka 36. Katika vita vya mwaka huo mumewe alikwenda mpakani kuwapeleleza Wajerumani, akisaidiwa na Wamaasai.

Katika siasa Delamere alikuwa mkuu wa walowezi. Alitaka nyanda za juu ziwe za Wazungu peke yao. Mwaka wa 1908 aliongoza watu kumkabili gavana kwa sababu ya uhaba wa vibarua, akaondolewa katika baraza kwa muda. Mwaka wa 1923 alikwenda London kuwatetea walowezi. Lakini serikali ikatangaza kwamba katika Kenya haja za Waafrika zitatangulia za wageni wote. Hata hivyo nyanda zile zilibaki mikononi mwa Wazungu mpaka karibu na uhuru. Mwaka wa 1925 aliita mkutano wa walowezi wa nchi kadhaa huko Tukuyu, katika Tanganyika, akiota dola moja kubwa ya walowezi. Ndoto hiyo haikutimia.

Mwaka wa 1928 akaoa mara ya pili. Akafa tarehe 13 Novemba, mwaka wa 1931, akazikwa Soysambu. Alikuwa amewahi kutawala ekari nyingi kuliko vijiji vingi, lakini madeni yake katika benki yalifika karibu pauni 500,000. Mwanawe Thomas aliuza Vale Royal mwaka wa 1947. Sanamu yake iliyosimama katika barabara kuu ya Nairobi iliondolewa Kenya ilipopata uhuru, na barabara ile ikaitwa kwa jina la Kenyatta. Soysambu ilibaki kwa wazao wake. Lakini damu ilimwagika huko tena. Mwaka wa 2009 kitukuu wake alihukumiwa kwa kumwua mtu bila kukusudia katika shamba hilo, na watu wengi wa Kenya walipoisikia kesi ile walikumbuka habari za ardhi ya zamani.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu alileta bidii ambayo wachache waweza kuifikia, na mbegu alizozitafuta zimewalisha hata wasiomjua. Lakini mwenyeji hakupona kwa kuja kwake, alihamishwa. Mambo yote mawili ni kweli, wala moja halifuti la pili. Basi mtu ajapo penye nchi nzuri iliyo kimya, asiulize kwanza ukubwa wake wala rutuba yake. Na aulize wenyewe wamekwenda wapi, na watakaporudi watakaa wapi.