Mfalme Albert Kando ya Mto Yser

Albert wa Kwanza, mfalme wa Wabelgiji, alizaliwa Bruxelles mwaka 1875. Mwaka 1909, kabla ya kushika ufalme, alisafiri katika Kongo, akiingia kwa upande wa Katanga. Alikuwa mtu mrefu, mwenye haya, mpenda vitabu na milima kuliko karamu.

Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yaliingia katika nchi yake kwa nguvu. Wabelgiji wakarudi nyuma siku kwa siku, hata ikawabakia pembe ndogo tu, ng'ambo ya mto Yser, karibu na bahari. Mwisho wa Oktoba walifungua milango ya maji huko Nieuwpoort wakati bahari ilipojaa, wakaifunga ilipoanza kupwa. Bonde lote kati ya mto na tuta la reli likawa ziwa. Adui hakuweza kupita. Lakini Wabelgiji nao hawakuweza kwenda mbele. Basi vita vikasimama pale miaka minne.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba vita vilivyosimama ni vita vilivyopumzika. Katika nchi ile ukichimba kidogo tu maji hutoka. Kwa hiyo askari walijenga kuta za mifuko ya udongo, wakakaa nyuma yake usiku na mchana, miguu ikioza kwa unyevu, panya wakila mkate wao. Homa ya matumbo iliwaua watu wasiopigwa risasi hata moja. Tena moyo nao ulichoka: Waflama walinung'unika kwa kuwa waliamriwa kwa Kifaransa, na mwaka 1917 walimwandikia mfalme barua kudai haki yao.

Majemadari wa Ufaransa na Uingereza waliona njia moja tu, kushambulia tena na tena. Tarehe 1 Julai 1916, karibu na mto Somme, Waingereza zaidi ya 19,000 walikufa kwa siku moja, wala mstari haukusogea ila kidogo. Albert alikataa kuwatoa watu wake kwa kazi ya namna hiyo. Jeshi lake lilikuwa dogo, na vijana wa kujaza nafasi za wafu walikuwa nyuma ya adui, katika nchi iliyotekwa. Wakubwa wale hawakupendezwa naye. Lakini nani angeweza kumwita mwoga? Serikali yake ilihamia Ufaransa. Yeye alibaki De Panne, ambako mizinga ilisikika, naye malkia Elisabeth aliwatembelea majeruhi.

Tarehe 28 Septemba 1918, adui alipokwisha kudhoofika, ndipo mfalme alipokubali kushambulia, akiwaongoza Wabelgiji pamoja na Wafaransa na Waingereza. Hata hapo wengi walikufa. Tarehe 22 Novemba aliingia Bruxelles juu ya farasi.

Tarehe 17 Februari 1934 alipanda mwamba peke yake huko Marche-les-Dames, akaanguka, akafa.