Pascal: Kijana aliyeunda mashine ya kuhesabu kumpunguzia baba mzigo
MWANAHISABATI Blaise Pascal alizaliwa mjini Clermont, Ufaransa, Juni 19, 1623. Baba yake, Étienne, alikuwa ofisa wa kodi mjini Rouen, kazi iliyomlazimu kujumlisha hesabu ndefu kwa mkono.

Kwa kumhurumia mzazi wake, mwaka 1642 Pascal alianza kuunda mashine ya magurudumu. Gurudumu la mamoja lilipotoka tisa kurudi sifuri, la makumi lilisogea hatua moja.

Zilitengenezwa takriban 20 tu, kwani bei ilikuwa kubwa na wanunuzi wachache. Pascal alifariki dunia mjini Paris Agosti 19, 1662, akiwa na umri wa miaka 39.

Zilizosalia hazifiki 10, na bidhaa iliyokosa soko enzi zake sasa ni tunu ya makumbusho.