Abul-Mawahib wa Kilwa na somo la vigae

Ndugu Waislamu, katika msikiti mmoja hapa Sumbawanga nimesikia mjadala mrefu wa kununua vigae vinavyong'aa, ilhali watoto wa madrasa hawana juzuu. Nikamkumbuka Sultani Hassan bin Suleiman wa Kilwa.

Akiwa kijana alikwenda Hijja, akakaa Aden miaka miwili akisoma dini, kisha akarejea na kutawala mwanzoni mwa karne ya 14. Dhahabu ya Sofala ilimtajirisha. Alipanua Msikiti Mkuu, akajenga kasri la Husuni Kubwa.

Pwani ilikwishazoea vyombo vya fahari. Katika karne ya 9 mafundi wa Basra, wakitaka kuiga weupe wa kauri za China, walitia madini ya bati katika mng'aro wa vyombo vya udongo. Majahazi yakavileta huku. Miaka ya 1960 mtafiti Neville Chittick alipochimba Kilwa, alikuta vigae vya vyombo vya kigeni.

Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, hakumsifu Sultani kwa sahani zake. Alisimulia kuwa fakiri wa Yemen alimwomba nguo alizovaa, baada ya swala ya Ijumaa, naye akazivua akampa. Ndiyo maana aliitwa Abul-Mawahib, baba wa vipawa. Alipofariki, nduguye Daud alirithi kiti, ukarimu hakuurithi.

Sisemi misikiti isipambwe. Nasema tuanze na juzuu. Kigae huvunjika, sadaka yenye kuendelea haivunjiki. Wallahu a'lam.